Chati Safi za Wodi ya Wanaume

Taa ilikuwa ya kijani. Naanza na taa kwa sababu kila aliyenihoji baadaye aliuliza hilo kwanza, na kila mara nilijibu upesi, kana kwamba rangi ya taa ilikuwa inanitetea mimi.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa kasoro alasiri. Nilikuwa mezani, mimi kiongozi wa wodi, nikipokea maji ya chumvi yaliyoletwa na droni, katoni kumi na nne, mbili zimelowa kwa mvua ya Rungwe isiyojua kupumzika. Tumpale, muuguzi wa zamu, akaja anatembea haraka, akiwa ameshika kishikwambi kifuani.

"Sista Subilaga, njoo kitanda cha sita. Baba anatokwa jasho."

Baba aliyemtaja ni Mzee Ambakisye Mwasenga, baba wa mume wake. Asubuhi ile alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume, na ganzi ya kiunoni ilikuwa inaisha taratibu. Nilimkuta ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Pembeni yake Shemeji alikuwa ametulia na taa yake ya kijani.

Jina la kiwandani la mashine ile lilikuwa refu na lenye tarakimu. Wazee wa wodi ndio walioiita Shemeji, wakisema inajua mambo yako ya ndani na huwezi kuifukuza. Kazi yake ni hii. Mtu akitoka kukatwa tezi dume, damu huganda kwenye kibofu na kuziba njia. Kwa hiyo maji ya chumvi huingizwa kwa mrija mmoja, yakaoshe, kisha yatoke kwa mwingine pamoja na damu na mkojo, mchana kutwa na usiku kucha. Lazima awepo wa kuangalia rangi ya yanayotoka, aongeze kasi au apunguze, na zaidi ya yote ahakikishe kwamba yaliyoingia yametoka. Zamani huyo alikuwa muuguzi. Kwa miaka sita sasa alikuwa Shemeji, na kwa vile hachoki kurekebisha kasi, kuziba kulikuwa nadra sana. Hata rangi aliitaja kwa maneno yetu tuliyomfundisha: maji, limau, choya, damu.

"Mtiririko ni salama," akasema. "Rangi, limau. Yaliyoingia na yaliyotoka yanalingana."

Nikaweka mkono juu ya tumbo la mzee. Chini ya kitovu palikuwa pagumu kama ubao.

Nilifunga maji kwa mkono wangu. Shemeji akaniambia nisiingilie matibabu. Nikavunja kufuli la kisanduku alimofungia mfuko wa kupokelea, nao ulikuwa karibu mtupu. Rangi ya limau aliyokuwa anaisoma ni ya maji yaliyotuama kwenye mrija tangu saa saba. Nikachukua bomba la sindano kubwa na kuanza kuvuta, na mabonge ya damu yakatoka moja baada ya jingine, makubwa, yananata. Mzee hakupiga kelele. Alisema "Ndaga, Sista," kwa adabu kabisa, ndivyo kwetu tunavyoshukuru, kisha macho yakamgeuka na presha ikashuka. Kibofu kilikuwa kimechanika.

Muda wote huo Tumpale alikuwa amesimama amegeuza mgongo, ananipa vifaa kwa nyuma bila kutazama. Shingo haikugeuka. Kwa akina Mwasenga mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja hupisha porini. Watu wa mjini husema mila hizo zimekwisha. Zimekwisha mpaka siku unapotakiwa kumfunua mkweo shuka.

*

Mzee alirudishwa chumba cha upasuaji, wakamshona, akapona kifo. Jumatano asubuhi akaja Injinia Luvanda kutoka kiwandani, kijana mpole wa Njombe, na tukajifungia ofisini kwangu na kumbukumbu za mashine. Mimi ndiye niliyeitwa mwalimu wa Shemeji. Picha yangu imebandikwa ukumbini pale chini, nimeshika cheti nacheka na meno yote nje. Siku hizi napita mlango wa nyuma.

"Tazama hapa, mama," Luvanda akasema. "Yaliyoingia ni lita mbili na mililita mia moja. Mizani ya mfuko inasema yaliyotoka ni mililita mia tatu na arobaini. Mizani ilikuwa inasema kweli toka saa saba."

"Sasa kwa nini mashine iliandika lita mbili?"

"Ndiyo ajabu yenyewe. Iliikataa mizani." Akakuna kichwa. "Unajua inavyofanya kazi. Mizani hukosea, mfuko ukigusa chuma au ndugu akiegemea kisanduku. Kwa hiyo tuliifundisha ipime kila inachokiona dhidi ya chati zenu za zamani. Zile elfu kumi na mbili. Na katika chati zile zote, hakuna hata siku moja ambapo maji yaliingia yasitoke. Daima yanalingana, tofauti ya mililita hamsini hivi. Kwa hiyo mizani iliposema yametoka kidogo, ikaona mizani ndiyo mwongo. Ikajaza namba inayofaa."

"Hakuna hata siku moja," nikarudia.

"Hata moja. Mlikuwa na bahati, au mlikuwa wauguzi hodari sana."

Hatukuwa na bahati. Tulikuwa na ndoo.

Acha niseme tu, maana nimelibeba vya kutosha. Miaka ile ya ujana wangu tulikuwa wawili kwa wodi nzima, na vitanda vinane ni vya kuoshwa. Kila mgonjwa alitakiwa kupimiwa mfuko wake kila saa, uandike. Nani angeweza? Tulichofanya, na wodi nzima ilikuwa inajua, ni kumwaga mifuko yote kwenye ndoo moja mwisho wa zamu, tukapima ndoo mara moja na kugawa kwa vitanda. Tuliita kugawa ndoo. Kisha unajaza chati saa kwa saa, ukihakikisha yaliyotoka yanalingana na yaliyoingia, kwa sababu metroni akiona hayalingani atakusimamisha mbele ya wenzako. Mgonjwa akiziba tulijua kwa kelele zake, tukakimbia na bomba la sindano, tukamzibua. Chati haikuandikwa kitu. Chati ilibaki safi.

Ilipofika siku ya kuifundisha mashine, waliniambia, Sista, chagua chati bora. Nilikaa stoo wiki tatu. Kulikuwa na chati za marehemu Sista Enesi, mama mmoja mkorofi aliyekataa kata kata kugawa ndoo. Zake zilijaa namba za ovyo: yameingia elfu moja, yametoka mia mbili, mrija umeziba, mabonge yamevutwa, yametoka elfu mbili. Zimefutwafutwa, zina madoa. Nikaziangalia nikasema hizi zitaichanganya mashine. Nikaziweka kwenye rundo la kuchomwa. Nilikuwa na akili timamu, sikulazimishwa na mtu. Nilijua zipi za kweli na nikachukua zilizonyooka mwandiko.

"Nitaandika nini basi?" Luvanda alikuwa ananingoja. "Sababu ya kukataa mizani haijajulikana. Na muuguzi wa zamu hakumgusa mgonjwa tumbo kwa saa mbili. Hilo lingemwokoa."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Halafu nikasema, "Andika unavyoona," nikaenda kumtafutia chai.

*

Alhamisi habari ilikuwa imeshafika mpaka sokoni. Haikuwa habari ya mashine, maana nani anahangaika na mashine. Ilikuwa habari ya mkamwana aliyeona haya mpaka mkwewe akapasuka. Ukoo ulikaa kikao. Mume wake, Lwitiko, alimwambia akalale kwa dada yake kwanza, mambo yapoe. Na kamati ya hospitali ikapanga kumsikiliza Ijumaa, kwa nia ya kumnyang'anya leseni.

Mimi nikaenda kumwona mzee. Nilijiambia nakwenda kuangalia mrija.

Alikuwa amelala kwenye chumba cha peke yake, amekonda kwa siku mbili tu, Shemeji ameondolewa na kwenye nafasi yake kuna mwanamke wa zamu mwenye jagi la kupimia. Nikamwamkia. Akaitikia, akamwomba yule wa zamu atupishe.

"Sista, mimi nilijisikia kujaa toka saa saba," akasema. "Nilijaa mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Lakini niliona ile taa. Nikasema, kama Shemeji haoni shida, mimi mkulima wa chai ni nani? Na ningemwambia nani? Aliyekuwepo ni mkwe wangu. Nianze kumwambia habari za mkojo wangu?"

"Pole, baba."

"Wanasema wanamfukuza kazi. Na mtoto wangu amemtoa nyumbani. Mimi sipendi." Akavuta shuka kifuani. "Siwezi kumwita hapa, wewe unajua. Mimi na yeye hatusemi. Nakuomba unibebee neno. Mwambie mkwe wangu kwamba nimemsamehe. Sina kinyongo naye. Alishikwa na haya, na haya hiyo ndiyo heshima yenyewe niliyoitaka kwake. Mwambie hivyo hivyo."

Nilikuwa nimesimama miguuni pake. Yule mzee alikuwa ananikabidhi msamaha wangu mimi nimpelekee mtu mwingine. Ilikuwa nafasi ya kusema, mlango umefungwa, tuko wawili. Nikasema, "Nitamfikishia, baba."

Na nilimfikishia. Ndilo linalonikosesha usingizi kuliko ndoo. Nilimkuta Tumpale uani kwa dada yake anaanua nguo, nikampa yale maneno neno kwa neno. Akapiga magoti palepale kwenye tope, shuka limemkaa begani, akalia kwa furaha. Alinishika mikono akaibusu.

"Mungu akubariki, dada. Sasa hata wakinifukuza sijali sana. Nilidhani atakufa akiwa amenichukia."

"Tumpale," nikasema.

"Abee."

"Jumanne asubuhi uliniomba nikubadilishie wodi."

Akatazama chini. Hilo ndilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata wewe hapo juu sikukuambia. Saa moja asubuhi alinifuata, akaniambia mkwe wake analazwa kitanda cha sita, nimpeleke wodi ya watoto siku mbili. Nami nilikuwa na haraka. Nilimwambia, wewe kaa na kishikwambi chako, kumgusa humgusi, Shemeji yupo. Nilicheka hata.

"Hilo sitalisema, dada," Tumpale akajibu. "Wewe una miaka miwili ustaafu. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nishakubali."

Nikamsaidia kukunja shuka. Nikaenda nyumbani, nikala, nikanawa. Nilipiga hesabu zangu kama mtu mwenye busara. Shemeji alikuwa kwenye vituo vya afya sitini na kimoja. Kabla yake wanaume walikuwa wanaziba na kupiga mayowe wodi nzima ikisikia, na wauguzi walikuwa wanaacha kazi. Nikisema, watazizima zote, na vituo vingine havina hata muuguzi wa pili. Wazee wangapi wataumia ili mimi nitue mzigo wangu? Hoja ilikuwa nzuri. Niliipenda mno, na kwa jinsi nilivyoipenda nikajua ina kasoro. Maana kama kitanda cha sita kilidanganywa, vitanda vingapi vinadanganywa sasa hivi na taa ni ya kijani?

Lakini sikutoka kwenda kumwambia mtu. Usinihurumie. Nilijua yote hayo Alhamisi, na nikalala nayo.

*

Kamati ilikaa Ijumaa saa nne, kwenye chumba cha mikutano chenye harufu ya rangi mpya. Dokta Gwakisa, mganga mkuu, alikuwa mwenyekiti, nami nilikaa mezani kama kiongozi wa wodi. Luvanda alisoma ripoti yake. Sababu haijajulikana, uchunguzi unaendelea, mashine nyingine zinafanya kazi vizuri. Kisha wakamwita Tumpale.

Alisoma barua kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ya mwanafunzi. Alikuwa ameiandika kwa mkono. Anakiri kwamba hakumgusa mgonjwa. Anakiri kwamba alitanguliza mila mbele ya kazi. Anaomba radhi kwa hospitali na kwa wauguzi wenzake aliowaaibisha.

"Kabla ya zamu, ulimwambia kiongozi yeyote kwamba mgonjwa ni mkwe wako?" Dokta Gwakisa akauliza. "Uliomba kubadilishwa?"

Alinitazama mara moja tu, nusu ya nusu ya sekunde.

"Hapana, daktari. Sikumwambia mtu."

Nimesema uongo mwingi wa karatasi maishani mwangu. Huu alinisemea mtu mwingine, mbele yangu, kwa hiari yake, na hata hakutaka nimshukuru. Uso ukaniwaka mpaka masikio.

"Aliniambia mimi," nikasema.

 Nikasema nikiwa nimekaa, mikono mezani. "Aliniomba na nikamkatalia. Nikamwambia asimguse, mashine ipo. Na sababu ya mashine kukataa mizani inajulikana. Naijua tangu Jumatano. Chati zile elfu kumi na mbili ni za uongo. Tulikuwa tunagawa ndoo."

Luvanda akageuka polepole. "Mnagawa nini?"

Nikawaeleza. Nilieleza ndoo, metroni, stoo, rundo la Sista Enesi. Dokta Gwakisa, ambaye alikuwa daktari mdogo wodini kwetu enzi hizo, aliinamisha kichwa mapema sana, kabla sijafika mbali, nikajua naye alikuwa anaijua ndoo. 

"Mama," Luvanda akasema, "hivi unaelewa? Siwezi kuirekebisha kwa kugusa kidogo. Haijui kabisa kwamba mtu anaweza kuziba. Hatukuionyesha hata mmoja. Ni kuzima vituo vyote sitini na kimoja."

"Zima."

"Leo Ijumaa. Watashika nini wikiendi hii?"

"Majagi," nikasema. "Na mikono. Nitapiga simu kituo kimoja kimoja mimi mwenyewe niwaambie wawashike wagonjwa tumbo sasa hivi, wasingoje taa."

Tulizipiga simu hizo mpaka saa kumi. Kituo kimoja waliniambia subiri kidogo, wakaacha simu mezani, nikasikia viatu vinakimbia. Walimkuta mwanaume amejaa mpaka kitovuni, mwalimu wa shule, taa yake ya kijani. Walimwahi. Niliposikia kwamba wamemwahi sikufurahi hata, nilihesabu tu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

*

Tumpale alinisubiri kwenye ngazi. Leseni yake walikuwa wamemwachia palepale, na yangu niliiacha mezani bila kuombwa.

"Ulijua toka Jumatano," akasema. Hakuniita dada.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo jana, pale uani, ulikuwa unajua. Nimepiga magoti kwenye tope na unajua."

"Ndiyo, Tumpale."

Akaitazama mvua. "Ule msamaha haukuwa wangu," akasema mwishowe. "Mrudishie mwenyewe. Mwambie ni wa nani."

Nikapanda juu, naye akanifuata kwa mbali. Mzee Ambakisye alikuwa macho. Safari hii sikujidai kuangalia mrija. Nilikaa kwenye kiti, nikamwambia yote tangu ndoo mpaka uani, sikujipaka mafuta. Nilipofika kwenye mkwe wake kupiga magoti, alifumba macho.

Nilidhani atanifokea. Nilikuwa natamani anifokee. Bado amefumba macho, akauliza, "Na wale wengine, kwenye vituo vingine?"

"Tumezima zote, baba. Mmoja alikuwa ameziba. Amepona."

"Haya." Akafumbua macho, akatazama pazia la mlangoni, ambalo chini yake vilionekana viatu vyeupe vya muuguzi. "Niitie mkwe wangu."

"Nimwambie nini, baba?" Nilishainuka, tayari nimekuwa mjumbe, kama kawaida ya pale kwao: mzee aseme kwangu, mimi niseme kwa mkamwana, na jibu lirudi vivyo hivyo.

"Usimwambie kitu. Mwite tu."

Nikamwita. Tumpale akasogea mpaka kwenye pazia, akasimama upande wa pili, akageuka akalipa pazia mgongo. Nikasimama katikati yao nikingoja maneno. Mzee alikuwa anajiandaa, midomo inacheza. Kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote.

"Wewe nenda, Sista," akasema. "Maneno yetu usiyabebe tena."

Nikapita pembeni ya Tumpale, hakunipisha wala hakunizuia. Nilikuwa nimefika kwenye meza ya wauguzi niliposikia mzee anamwita kwa jina lake, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu aolewe, na yeye akaitika.